Mkwe Aliyerudisha Maini

Harusini Kahama, Jumamosi, wenyeji walimwandalia baba wa bwana harusi, ambaye mimi mgeni niliketi kando yake, sahani ya maini, heshima ambayo mkwe hakatai. Yeye akairudisha kwa mikono miwili, akishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja sana, wakwe zangu. Nina jongo."

Bibi yake bibi harusi akakunja uso. "Umedharau ng'ombe wetu?"

"Hapana, mama. Maini na bia vinaamsha kidole gumba changu cha mguu. Kilivimba hadi shuka likikigusa nalia. Nikadhani nimekanyaga mtego wa wachawi, kumbe ni asidi imejaa kwenye damu! Sasa nameza dawa kila siku, hata kisipouma, ili leo nimchezee mwanangu. Naomba mtindi tu."

Bibi akampima kwa macho. "Haya, tuone."

Ngoma ilipolia, mzee akakaza kamba za viatu, akatimua vumbi mpaka bibi mwenyewe akapiga vigelegele. "Huyo ndiye mkwe wetu!"

Mimi niliyezunguka nchi nyingi sijawahi kurudisha sahani. Yale maini niliyamaliza mimi, kisha ngoma nikaitazama nimekaa, kiatu nimevua, kidole kinanipwita.