Kaseti Yenye Selotepu

Nilimfuta baba yangu kwa gitaa la Waingereza wanne. Naanza na hilo usije ukafika katikati ukaanza kunipenda, halafu ukajiona umetapeliwa. Nilibonyeza kidude chekundu kwa kidole changu mwenyewe, mchana kweupe, mdomoni nina mkate, na nilikuwa nacheka.

Baba alikuwa msafishaji wa ofisi kule Sandton, Johannesburg. Mwaka 2008 Mwingereza mmoja wa ofisi ile alirudi kwao, akamwachia boksi la kaseti. Baba alilibeba begani kutoka stesheni mpaka kwetu Joubert Park, ghorofa ya saba, lifti imekufa, akalitua mlangoni kama mtu aliyeleta friji. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye karakana ya kushona, Doornfontein, uzi bado umemganda kwenye sketi. Akachungulia.

"Ndiyo zawadi hii?"

"Kaseti hizo, bibie. Za kurekodia."

"Mbona zina nyimbo?"

"Nyimbo zinafutika."

Walizihitaji kwa barua. Bibi, mama yake baba, alikuwa Tanga, na simu hakuitaka. Alisema simu inakimbiza maneno, ikikatika hayarudi. Kaseti unairudia mpaka unashiba. Basi baba alikuwa anazungumza kwenye kaseti, anampa mtu anayesafiri, na baada ya miezi kaseti inarudi, upande wa pili bibi anaongea na majogoo wanamdakia. Baba alirekodi kwa betri tu, kwa sababu umeme wa jengo letu ulikuwa unaingia kwenye kaseti unanguruma kama paka mgonjwa. Mama ndiye aliyekuwa akibonyeza.

Kaseti za nyimbo huja na vitundu viwili juu ili usirekodi. Baba aliviziba kwa selotepu. Akimaliza barua, anaibandua, ili mtu asije akaifuta. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na hata mimi, ambaye sheria nyingine zote nilizifanyia mzaha, hiyo niliishika: yenye selotepu ni huru, isiyo na selotepu ni barua, usiguse.

Sasa, bendi yenyewe. Boksi zima lilikuwa la bendi moja, na nina hakika Johannesburg nzima tulikuwa tunaijua watu wawili, na mmoja ameshapanda ndege. Karatasi za ndani nilizisoma chooni mpaka zikalegea. Walikuwa vijana wanne wa mji wa mvua. Kaseti ya kwanza waliirekodi jikoni kwa mama wa mpiga ngoma. Ukitega sikio unasikia mlango wa kabati. Ya pili walipata studio ya kweli na tarumbeta la kuazima. Waandishi waliisifu, wanunuzi hawakuonekana. Ya tatu nusu haina ngoma, kwa sababu mpiga ngoma alishaenda kufundisha shule ya msingi. Halafu wakaachana bila ugomvi, kama watu walioongozana mpaka kwenye robot, taa za barabarani, kila mmoja akavuka upande wake. Miaka ikapita, ndipo wapenzi wao wakaanza kutafutana dunia nzima, wachache kama sisi Waswahili darasani kwetu.

Mwimbaji wao anaimba kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni, anakuomba radhi. Nilimpenda. Shuleni sikumwambia mtu, ningechekwa mpaka mtihani wa mwisho.

Kila barua ya baba ilimeza wimbo. Na barua ikiisha, bendi inaibuka katikati ya wimbo mwingine. Bibi alisikiliza yote, mpaka mwisho. Jibu lake moja lilisema: "Na huyo kijana anayelialia ukishamaliza kuongea, mwambieni aoe." Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Nikalalamika, "Baba, unaimaliza bendi!"

"Bendi yenyewe ilishajimaliza, mwanangu. Mimi nazika tu."

Alikuwa akiongea hivyo. Ukiniuliza utani nimeutoa wapi, ndiyo hapo.

Majira ya baridi ya mwaka wa vuvuzela, ule wa Kombe la Dunia, kifua kilimshika. Wiki mbili hospitali. Mji mzima unapuliza plastiki, sisi tunarudi nyumbani na viatu vyake kwenye mfuko. Tukamzika huku huku. Kwenye hitma niliigiza kikohozi cha jirani mmoja, watu wakacheka kidogo. Mama hakucheka. Boksi alilisukuma chini ya kitanda, akasema liachwe lilipo.

Miaka miwili lilikaa. Mimi nikawa mchekeshaji rasmi wa darasa, kazi ambayo haihitaji kulala vizuri.

Kulikuwa na wimbo mmoja uliokuwa unaniwasha. Kaseti ya pili, upande wa kwanza, wimbo wa mwisho kasoro mmoja. Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliusikia wote: gitaa, halafu tarumbeta linaingia kama mtu anayefungua dirisha. Sasa nilikuwa na kumi na tano, na mwanzo tu ndio uliokuwa umebaki. Nikautafuta kwenye kompyuta ya shule, nikaukuta. Mpenzi mmoja wa bendi, sijui wa nchi gani, ameiweka kaseti nzima. Nikaushusha kwenye simu, ule na wa mwisho, nikatafuta waya, nikaunga kwenye redio.

Nikaitoa kaseti chini ya kitanda. Ilikuwa na selotepu. Nikaicheza. Gitaa. Tarumbeta linavuta pumzi, halafu: "Mama, shikamoo. Sisi huku hatujambo."

Barua zake zote zilianza hivyo. Nikajiambia hii ni ya zamani, imeshakwenda, imeshajibiwa, na selotepu si hiyo hapo? Nilichotakiwa ni kusikiliza dakika moja zaidi. Sikusikiliza. Ukweli ni kwamba sauti ile ilikuwa inanipasua, na tarumbeta halikuwa linanipasua. Nikarudisha nyuma kidogo, nikasema, "Marahaba, mzee, sogea kidogo," nikabonyeza.

Wiki moja nikawa mfalme. Nilikuwa na wimbo mzima.

Jumamosi alikuja mama mmoja wa Tanga, mfanyabiashara, anaondoka na basi kesho yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa na begi lake miguuni. Mama akaingia chumbani, akatoka na kaseti.

"Hii baba yako hakuimaliza," akaniambia. "Ndiyo maana ina selotepu mpaka leo. Alisema ataimalizia kesho, kesho yake akaamka na kifua. Miaka miwili naiogopa. Bibi yako sasa haoni tena, acha angalau asikie."

Eish.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Nimeifuta."

"Leo sitaki utani wako."

"Kweli, mama. Wallahi."

"Nimesema leo sitaki!" Akamgeukia mgeni. "Huyu ndiye wa kwangu, dada. Hata msibani alituigizia mtu."

Akaitia redioni, akabonyeza, akakaa na mikono mapajani. Gitaa. Tarumbeta likavuta pumzi, na mama akainua kidevu, kama mtu anayesikia hatua kwenye ngazi. Tarumbeta likaendelea. Kijana wa mvua akaomba radhi, ubeti baada ya ubeti. Mama hakuzima. Wimbo ule ulioniwasha miaka yote ukaniishia masikioni mwangu, na tangu siku hiyo siwezi kuusikiliza. Ukaja wa mwisho, mrefu kuliko nilivyokumbuka. Mgeni alikuwa anatazama zipu ya begi lake. Alichokuwa baba amemwambia mama yake humo ndani, mama yangu anakijua, alikuwepo anabonyeza. Mimi sikijui, na sina mdomo wa kumuuliza.

Wimbo ukaisha. Kaseti ikabaki inavuma. Nikanyoosha mkono nizime, mama akanipiga kofi vidoleni.

Kumbe barua ilikuwa ndefu kuliko nyimbo. Pale mwishoni, kwenye sehemu tupu ambayo Waingereza hawakuwa na cha kuimba, baba akasema, sauti imechangamka, karibu kabisa: "Haya bibie, zima hapo, betri zinaisha. Nitamalizia kesho." Kidude kikalia.

Mama akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara tatu. Kisha akaitoa kaseti, akaibandua selotepu kwa ukucha, taratibu, akaiviringa ikawa kidonge kidogo. Mimi hakunitazama. Akampa mgeni kaseti mkononi, akamwambia:

"Mwambie mama mkwe, betri zilikuwa mpya. Ni mimi nilimkatiza, nilikuwa nimeshapakua wali."