Kemshafti ya Upepo

Watu walimwita Mama Nundu, naye hakuwa na nundu wala mtoto wa jina hilo. Jina lilitoka kazini. Kemshafti ni chuma kirefu kinachozunguka ndani ya injini, kina nundu mwili mzima, na kila nundu ikifika juu inasukuma valvu ifunguke, injini ivute pumzi. Yeye ndiye aliyezichagua, akazisaga na kuzifunga, mwaka wa ishirini na nne sasa, katika gereji yenye paa la bati na sakafu iliyokunywa oili mpaka ikakinai.

Wateja wake wengi walikuja na jibu mfukoni. Wanataka ile kubwa. Wamesikia gari la jirani likinguruma na kutetemeka hali limesimama, basi gari lao wanaliona debe tupu. Mama Nundu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaeleza yale yale ya siku zote: nundu kubwa inashikilia valvu wazi muda mrefu, injini ikikimbia sana inapumua vizuri, lakini ikienda polepole inakuwa zembe, hata tuta inaliomba radhi. "Unanunua kiatu cha mbio, na wewe safari yako ni sokoni," aliwaambia. Hawakusikia. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Ndiyo maana aliweka sharti. Hakumuuzia mtu kemshafti mpaka yeye mwenyewe apande gari la mtu huyo, akae kiti cha abiria, waende njia ile ile ambayo mteja hupita kila siku. Katika mfuko wa kulia wa ovaroli alitia washa kumi na mbili, zile pete za chuma zinazokaa chini ya nati. Kila mshale wa mizunguko ulipovuka elfu nne, alihamisha washa moja kwenda mfuko wa kushoto. Wakirudi gereji, anazimwaga mezani. Wengi waliojiita madereva wa mashindano walirudi na washa mbili, na moja kati ya hizo ilipatikana kwa sababu walipita mbele ya wasichana. Hapo ubishi uliisha.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupimwa hivyo, kaka yake. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi, akimchapa mkononi kila aliposhika spana vibaya. Katika mashindano ya Jumapili kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa, walimwita Upepo, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemshinda mara mbili mfululizo. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, na sita ya mwisho hakuwa ameshindana na mtu.

Jumanne moja asubuhi aliingia gerejini na gari lake la zamani, akaliegesha mbali na ukuta kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo kaka," alisema Mama Nundu.

"Marahaba. Nitie ile kubwa, ya digrii mia tatu." Hata kushuka hakushuka. "Mashindano yamebaki wiki mbili."

"Mashindano gani tena, kaka?"

"Ya wakongwe. Yule muuza betri kanitangaza mbele za watu, eti Upepo umetulia. Nikiingia nikashindwa, si neno. Nisipoingia, nimekwisha."

Mama Nundu aliogopa, na alijua anachokiogopa. Wiki iliyopita wifi yake, mke wa kaka huyu, alimletea taa ya nyuma ya gari hilo, vipande ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee amegonga geti tena. "Mpe anachotaka au mnyime, mimi kanishinda," wifi alisema. "Lakini akifia kwenye gari hilo, mimi na wewe tutatazamana vipi?" Kumkatalia kaka mbele ya mafundi ilikuwa ni kumvua nguo. Kumfungia kemshafti hiyo ilikuwa ni kumchimbia kaburi. Akashika njia pekee aliyokuwa nayo.

"Sharti ni sharti," alisema, akitia washa mfukoni. "Leo hata mwalimu wangu nampima."

Kaka alicheka. "Haya, yai limeanza kumfundisha kuku. Ingia."

Wakatoka. Kaka alibadilisha gia vizuri ajabu. Sikio lilimwambia lini, na mguu ukatii. Lakini mshale ulilala kwenye elfu mbili, elfu tatu ukaziona kwa mbali. Mwendesha baiskeli mwenye magunia mawili aliwapita, akawapungia mkono. Mama Nundu alishika washa zake mfukoni, akaona hakuna ya kuhamisha. Kaka hakuuacha ule mstari mweupe wa pembeni mwa barabara, shingo ameigeuza kidogo, akiuchungulia kwa pembe ya jicho.

Kwenye barabara ya maghala walikuta lori mbele yao. Kaka akasimama nyuma yake, akatoa gia, akasubiri. Gari la nyuma likapiga honi, likawapita. Jingine likawapita. Kaka akasubiri.

"Foleni za siku hizi," alisema. "Zamani hapa tulikuwa tunapita mara moja."

Mama Nundu alilitazama lile lori. Lilikuwa limekaa juu ya magogo. Matawi yaliyowekwa nyuma yake kuwaonya madereva yalikuwa yamekauka, na chini ya ekseli kuku alikuwa amejilaza na vifaranga wake, hana wasiwasi na mtu.

Kaka akapiga honi. "Huyu naye kalala?"

Mama Nundu angeweza kusema tupite tu, pembeni kuko wazi. Wangepita, wangerudi, naye angetafuta kisingizio: kemshafti zimekwisha, mzigo umechelewa. Visingizio vya kuwafunika wakubwa alivijua tangu utotoni. Lakini kisingizio hakizuii gari. Akasema ukweli, na huzuni yake.

"Kaka, hilo lori halina matairi."

"Halina?"

"Hata moja. Limewekwa juu ya magogo, siku nyingi."

Kaka alizima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Naona kitu cheupe, kikubwa," alisema mwishowe. "Pembeni naona. Katikati ndiyo pana ukungu. Mwaka wa pili huu. Daktari kasema hautoki."

"Wifi anajua?"

"Anajua nagonga mageti." Kisha akauliza kifundi, bila kumtazama, "Ile ya mia tatu ingeifaa injini hii?"

"Ingeifaa sana. Hata mimi ningeichagua hiyo."

"Na dereva?"

Kaka alishuka, akazunguka mbele ya gari akipapasa boneti, akafungua mlango wa dada yake. "Kaendeshe wewe," alisema. Akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda.

Njia nzima alikuwa akimwelekeza. Gia ya tatu sasa. Usiikabe, iache ivute. Mama Nundu, fundi wa miaka ishirini na minne, alitii kila neno.

"Mke wangu hajui kuendesha," kaka alisema walipokaribia gereji. "Miaka thelathini namwambia mke wa Upepo hana haja ya kujua."

"Ulimwambia upuuzi."

"Upuuzi kweli. Nitamfundisha mimi. Masikio si ninayo?"

Walipoingia, mafundi waliacha spana zao. Hakuna aliyewahi kumwona Upepo akishuka upande wa abiria wa gari lake mwenyewe. Mmoja, kwa heshima tu, akauliza kwa sauti, "Mama, tumtolee mzee ile ya mia tatu?"

Mama Nundu alifungua kinywa amsitiri. Kaka akamwahi.

"Hapana," alisema, kila mtu akasikia. "Mtafutie mke wangu inayomfaa mtu anayejifunza."