Leso za Mwanaisha

Leo nimeiharibu dakika ya kimya, na sijutii.

Mwanaisha alikuwa mwanafunzi wangu miaka ya tisini. Kila akishinda mbio, sisi wanawake tulimtandikia leso zetu za kujifunga chini apite juu yake kama bibi harusi. Malaria ilimchukua angali msichana.

Leo, kwenye kumbukumbu yake shuleni, tukaambiwa tuinamishe vichwa.

Nikainuka na mkongojo wangu. Nikatandika leso uwanjani, nikapiga kigelegele.

"Mwalimu, itachafuka!" mkuu wa shule akaninong'oneza.

"Na ichafuke. Mwanaisha hapiti kimya kimya hapa."

Akina mama wakafungua zao, wakatandika.

Daktari asema siku zangu ni chache, basi nakiri: nilimpenda kama wanangu wa kuzaa. Najua wananisoma hapa mtandaoni; wakiona wivu, na wanune.

Mliomwona akikimbia, msiniandikie pole. Pigeni vigelegele.