Siku Niliyogoma Kutafsiri

Kazi yangu chuoni ni kuchunguza jinsi simu inavyobadilisha siasa na maisha ya watu. Nyumbani Kasulu wakisikia nimesomea simu, hudhani mimi ni fundi, wananiletea zilizopasuka vioo. Nimefanya utafiti huu miaka mingi, Kasulu na Kibondo, kwa Kiha, lugha ya mama yangu.

Basi mradi mmoja wa kilimo uliponiomba niwe mtafiti wao, nilikubali. Wakulima walikuwa wameandikisha namba zao za simu ili wapate ujumbe wa mvua na mbegu. Tukaenda kijijini Rungwe Mpya, hukohuko Kasulu, kusikia maoni yao. Mkuu wa mradi, bwana aliyetoka Dar es Salaam, akasimama mbele ya akina mama waliojaa ghalani, akaninyooshea kidole.

"Dada yetu huyu atatutafsiria."

Dada! Si daktari wa chuo kikuu, si mtafiti.

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaanza kusema kwa Kiha. Ujumbe wa mbegu ulikuja mara moja tu. Uchaguzi ulipokaribia, ukaja wa kumtaka ampigie kura mgombea fulani, ukimwita mama huyo kwa jina lake na la kitongoji chake. Mumewe akauliza mwanamume huyo mgombea amemjuaje. Waligombana mpaka ukoo ukaitwa.

"Namba yangu niliwapa ninyi," alisema. "Nani aliwapa wale?"

Nilitafsiri yote. Mkuu akatabasamu. "Mwambie tunashukuru kwa maoni. Tuendelee na mahindi."

Nikamwambia, "Hilo sitafsiri. Mjibu."

"Dada, usituharibie kikao."

Nikawageukia akina mama, nikawaambia kwa Kiha kwamba mkuu ameulizwa na amekataa kujibu. Ghala zima likachafuka. Walidai namba zao zifutwe palepale, wakiona. Mkuu akakimbilia gari lake, akaniacha huko. Nilirudi mjini kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno.

Ripoti ilitoka bila jina langu. Inasema wakulima waliupokea mradi kwa furaha. Ujumbe wa kampeni haukutajwa popote. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa mkataba wangu umekwisha.

Yaliyotokea nimeyaandika mwenyewe, na wanafunzi wangu nawafundisha kisa hiki huku sauti ikinipanda. Yule mama nilikutana naye sokoni Kasulu. Amebadilisha laini. Wateja wake wa maharage wa Kibondo walikuwa na namba ile ya zamani, na sasa hawampati.