Kopo la Taa za Fundi Protasi

Fundi Protasi wa Nachingwea alikuwa akisema mwenyewe kwamba Mungu alimpa mikono ya fundi, kichwa akaahidi kukileta baadaye. Mikono hiyo ilijifunzia kwenye malori ya zamani ya misheni, ambayo yakigoma ulikuwa unayagonga nyundo, unasali kidogo, yanawaka.

Halafu yakaja magari madogo ya kompyuta, yenye taa ya rangi ya chungwa na picha ya injini kwenye dashibodi. Taa ikiwaka, mwenye gari roho juu, mbio kwa Protasi. Naye, asiyejua taa ile inasema nini, akabuni tiba yake: anafungua dashibodi, anang'oa balbu, anaitia kwenye kopo la maziwa. "Hiyo ni ya nchi za baridi," anawaambia. "Huku kwetu haina kazi." Na watu wakamshukuru! Mmoja alimletea kuku.

Mwaka 2006, msimu wa korosho, dereva wa lori aitwaye Awadhi akamfumbua macho. Alimwonyesha kwamba chini ya boneti kuna soketi. Ukiunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya na kufungua swichi, taa ileile inakonyeza namba ya ugonjwa. Kazi yako ni kuhesabu. Awadhi akamwandikia orodha ya namba nyuma ya kalenda ya parokia. Protasi akaitazama orodha, akalitazama kopo, aibu ikampanda hadi masikioni. Akalisukuma kopo nyuma ya pipa la oili, asimwambie mtu.

Wiki mbili baadaye binti yake Goreti alikuwa anaolewa Ruangwa, misa saa tano. Gari la bibi harusi lilikuwa la Mwalimu Gwakisa, Mnyakyusa aliyehamishiwa sekondari ya pale Nachingwea. Ndugu wote walishatangulia. Goreti akaketi ndani na shela lake, gari likawaka, likakohoa, likazima. Likawashwa tena, likazima tena.

"Baba Goreti," mkewe Koleta akasema, "padri akimaliza misa ya saa tano anakwenda kigango cha Chinongwe. Hatamsubiri mwanao."

Kwa mara ya kwanza Protasi hakuogopa. Alijua la kufanya! Akachomeka waya, akafungua swichi, akachungulia dashibodi kwa madaha kama daktari wa mkoa. Hakuna kilichokonyeza. Ndipo akakumbuka, na jasho likamtoka ndani ya suti ya kuazima.

"Mwalimu, nisubiri kidogo," akasema, akatimua mbio hadi gereji. Alirudi na kopo limejaa balbu, kumi na moja kwa hesabu yake.

"Fundi, hizo zote za nini?"

"Moja ni yako, Mwalimu. Niliing'oa mwaka juzi."

"Si ulisema ni ya nchi za baridi?"

"Nilikudanganya. Nilikuwa sijui."

Gwakisa akafungua mdomo, akamwona Goreti anafuta machozi, akaufunga. Balbu ikarudi mahali pake. Ikakonyeza mara tatu, ikapumzika, ikakonyeza mara moja. Thelathini na moja, kwa orodha ya Awadhi: kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini. Protasi akaufuata waya wa kipimo hicho mpaka kwenye soketi yake, akaikuta imelegea, imeota kutu, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Fundo alilitambua mara moja. Lilikuwa lake.

Akakwangua kutu, akaibana soketi, gari likanguruma. Walifika Ruangwa padri amekwisha kuvaa, anatazama saa.

Jioni ukumbini, baba wa bibi harusi alipopewa nafasi ya nasaha, alisimama mbele ya watu akasimulia yote, kopo, waya na fundo. Kisha akamgeukia bwana harusi. "Eustakio mwanangu, mke wako akiwasha taa, using'oe balbu kama mimi. Muulize kuna nini."

Ukumbi ulicheka mpaka Koleta akajifunika kitenge. Protasi mwenyewe alicheka, na kifua kikawa chepesi. Jumatatu asubuhi, alipofika gereji, alikuta watu kumi mlangoni, kila mmoja anadai taa yake, na mmoja anadai kuku.