Binti wa Mzee Lin na Neno la Daktari

Siku ile haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa mgeni Sydney, naishi mtaa wa Guildford, nasomea uuguzi huku nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mikono yangu ilikuwa hodari. Ulimi ndio mwoga.

Tulikuwa na Mzee Lin, Mchina mpole aliyependa maji ya moto kuliko chai. Daktari alikuwa amemwambia binti yake kwamba matibabu sasa ni ya “palliative”, naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Jioni akanishika mkono.

“Dada, simu yangu imelitafsiri lile neno kwa Kichina, inasema ni kutuliza. Basi baba anapata nafuu? Kesho nakwenda Shanghai kuipaka rangi nyumba yake, arudi akae.”

Nilijua hapati nafuu. Nikasema, “Mungu ni mwema,” nikakimbilia jikoni. Unajua kwetu Kenya hata msiba huletwa kwa kuzungushwa: njoo nyumbani, mama anaumwa kidogo. Unafika, unakuta turubai la matanga limeshafungwa uani.

Jikoni nikamweleza Mama Zawadi, Mkongo wa Bukavu, mkubwa wetu kazini. Akaweka sufuria chini.

“Weye! Kesho ndege itaruka, baba atakufa bila mutoto wake. Siku ile utamuambia nini? Mungu ni mwema tena? Ita nurse mukubwa, mukae naye leo.”

Tukakaa na yule binti. Nurse akaeleza ugonjwa, mimi nikaeleza neno lile kama tulivyofundishwa darasani. Limetoka Kilatini, kwenye pallium, yaani joho. Wengine hulitumia kwa kufunika kosa lisionekane ukubwa wake; hospitalini ni kumpunguzia mgonjwa maumivu, hata pale ugonjwa usipopona.

“Joho humkinga mtu na baridi, dada,” nikasema. “Baridi yenyewe haliiondoi.”

Binti akapiga simu kuahirisha safari. Wiki ile ile Mzee Lin alikufa, mkono wake umo mkononi mwa binti yake.

Sasa nasikia umeanza kazi hospitali ya Westmead, mwanangu, nami usingizi unanipaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiulizwa jambo zito, usikimbilie jikoni. Mlete mwenye haki ya kulisema, nawe ukae hapo mpaka lieleweke. Mungu akupe ulimi mpole usiotoroka, na siku yako ikifika, usikose wa kukushika mkono.