Mwanamume wa Mlangoni

Wateja walimwita Fumua, na hawakumsingizia. Akiona mshono umepinda kidogo tu, fundi huyu huchukua wembe akaufumua wote, hata kama mwenye gauni amesimama hapo hapo na gari linamsubiri nje. Ukimwambia mbona kasoro haionekani, anakujibu, "Mimi nimeiona."

Tabia hiyo ilimletea wateja. Kwenye riwaya aliyokuwa akiiandika ikamtoa roho. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alisukuma cherehani pembeni, akaweka daftari mezani na kuandika saa nzima. Hakuruka hata siku moja. Ila alichoandika jana alikisoma leo, akakiona kimepinda, akakichana. Miezi minane ikayoyoma na riwaya ina kurasa nne: mwanamume ameshika sanduku, amesimama mlangoni, anataka kumwacha mkewe na binti wa miaka sita. Kisa chenyewe hakukitoa mbali. Mwanamume huyo alikuwa baba yake, na binti ni yeye mwenyewe.

Kila Jumapili alimsomea mama yake, ambaye macho yalishamtupa mkono.

"Huyo bwana bado hajatoka tu?" mama akauliza.

"Bado narekebisha, mama."

"Na miguu haimuumi?"

Fumua alicheka. Mama alikuwa na miaka themanini na mbili. Kwa mwendo ule angekufa hajausikia ukurasa wa tano, na wazo hilo lilimnyima raha. Dukani akawa anapima kiuno cha mtu mara mbili na namba anaisahau. Anakaa, anasimama, anafagia palipokwisha kufagiwa.

Jumatatu mteja mmoja akaja kujaribu gauni lililopigwa bandi tu, nyuzi ndefu nyeupe zinaning'inia kila upande.

"Litakuwa hivi hivi?" akauliza, uso umemshuka.

"Hizi za kushikizia tu, dada. Unalivaa hivi hivi baya, tujue linakukaaje."

Fumua akachomeka pini kiunoni mwa gauni. Miaka thelathini anawaambia watu maneno hayo, yeye mwenyewe hajajiambia hata mara moja. Alijiona mjinga, na kwa kweli alikuwa mjinga.

Kesho yake akaandika vibaya, makusudi. Mkono ulimwasha kuchana, basi alipomaliza akalifungia daftari kwenye droo, ufunguo akampa jirani yake muuza vifungo amtunzie mpaka asubuhi. Akajiruhusu kuandika, hakujiruhusu kurudi nyuma. Kufika Jumamosi alikuwa na kurasa kumi na moja, zote zimekaa shaghalabaghala.

Jumapili akazisoma huku aibu inamchoma. Mwanamume akatoka, akavuka barabara, akaenda bila kugeuka.

"Aligeuka," mama akasema.

Fumua akainua kichwa.

"Alirudi hata chai yake haijapoa. Akagonga, akaniomba nimfungulie. Wewe ulikuwa umelala. Mimi nimeegemea mlango kwa ndani, nimeshika komeo, mpaka akachoka akaenda zake."

Miaka arobaini na tano Fumua alimchukia mtu yule kwa kutorudi. Akalifunga daftari.

"Mama, miezi minane nakusomea. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hujamtoa nje," mama akasema. "Ningesemaje amerudi?"